Chumba cha uani kilivyokuwa kosa San Diego

Mambo vipi watu wangu wa Mwanza, kuanzia Igogo, Mabatini, Kitangiri mpaka Igombe! Leo nipo San Ysidro, kusini kabisa mwa San Diego. Huo ukuta nyuma yangu ndio mpaka, na vilima vile vyenye nyumba zilizobebana ni Tijuana, Meksiko. Ukiona kama Mabatini hujakosea, kasoro mawe tu.

Kuna mdau aliniuliza: huko Marekani mtu anaruhusiwa kujenga vyumba vya kupangisha uani?

Kwetu mtu akipata kiwanja anaanza na vyumba viwili vya uani, anahamia humo humo, nyumba kubwa inapanda taratibu, mbele anatoa fremu za duka. Kodi za wapangaji zinasomesha watoto. Hapa, sehemu kubwa ya jiji ilipangwa kwenye ramani iwe nyumba moja, familia moja, basi. Chumba cha uani kilikuwa kosa, fremu kosa. Na hata ukiruhusiwa kuongeza nyumba, uliambiwa kwanza onyesha pa kuegesha gari. Mpangaji mwenyewe anapanda treni, gari hana! Lakini maegesho yalikuwa lazima.

Sasa San Ysidro wakazi wengi wana asili ya Meksiko, bibi na wajukuu wanakaa pamoja. Wakajenga tu. Gereji ikawa chumba, uani kukaota banda. Ubaya wa kujenga kwa kujificha mnaujua: umeme wa kuungaunga, mkaguzi hafiki, na mpangaji hana pa kulalamika maana chumba chake kwenye makaratasi hakipo.

Shirika la mtaani hapa, Casa Familiar, na mbunifu wa majengo Teddy Cruz walikaa na wakazi miaka mingi wakitafuta namna ya kulegeza kanuni badala ya kubomoa. Mwaka 2020 wakafungua mradi wao: nyumba 10 za bei nafuu, kiwanja kimoja na kanisa la zamani lililogeuzwa ukumbi wa maigizo. Jimbo la California nalo lilikuwa limeshaanza kulegeza. Tangu 2017, nyumba ya uani iliyo karibu na kituo cha usafiri haidaiwi maegesho, na tangu 2020 jiji linatakiwa kujibu ombi la kibali ndani ya siku 60.

Siku 60! Mnaofuatilia vibali vya ujenzi najua mnacheka kwa uchungu.

Sisemi kanuni zote mbaya. Ile ya kutojenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani, ya Sheria ya Mazingira ya 2004, mimi naiunga mkono; ziwa likichafuka sangara na dagaa tutawatoa wapi? Hofu yangu ni huu urasimishaji wa milimani huko kwetu, yaani kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila mpango. Mchoro ukija umeandikwa "makazi" peke yake, mama mwenye genge barazani anakuwa mkosaji kwenye kiwanja chake. Mkiitwa kikao na mwenyekiti wa mtaa, ulizeni matumizi yameandikwaje, makazi au makazi na biashara. Ulizeni mapema, kabla bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, hazijapandwa.