Chungu cha samaki hakitaki mkono mwingi

Shikamooni wazee wangu, na nyie wengine habari za jioni. Najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja kwahiyo niingie tu kwenye mada.

Mimi niliishi Japani miaka sita, Saitama, pale jirani na Tokyo, nimepanga chumba cha chini, na mlangoni kwa bibi mwenye nyumba kulikuwa na chungu cheusi kipana, ukubwa wa karai la zege hivi, kimejaa maji, majani ya yungiyungi yameelea juu. Miezi miwili nimepita pale nikijua ni maua tu. Siku moja nimeinama nafunga kamba za kiatu ndo naona vitu vinakimbia chini ya majani, vidogo, urefu wa kipande cha kidole, migongo inang'aa. Nikamuuliza bibi, pampu iko wapi? Hamna. Filta? Hamna. Maji unabadilisha kila lini? Akasema sibadilishi, naongeza tu yakipungua. Nikadhani nimesikia vibaya, kumbe nimesikia sawasawa.

Wale samaki wanaitwa medaka. Jina lenyewe maana yake macho yaliyo juu, na kweli macho yao yamekaa juu ya kichwa, maana chakula wanakitafuta usoni mwa maji. Ni samaki wa mashamba ya mpunga, sentimita 3 mpaka 4 basi. Tangu enzi za Edo, yaani miaka ya 1603 mpaka 1868, Wajapani walikuwa wanafuga wale wa rangi ya machungwa kwenye vyombo vya udongo nyumbani, na wana neno kabisa, uwami, yaani kumtazama samaki kutoka juu. Sisi tukisema samaki wa mapambo tunawaza kioo, unamwona ubavu. Wao wamechagua samaki kwa mgongo wake vizazi na vizazi, hata wale koi, samaki wakubwa wa mabwawa wa mkoa wa Niigata, rangi zao zimepangwa zionekane ukiwa umesimama juu ya bwawa. Ndo maana chungu kinatosha, hakuna haja ya kioo. Na kiwe cheusi, maana medaka ukimweka kwenye beseni jeupe rangi yake inapauka, anajifananisha na alipo.

Sasa kwa nini hakiharibiki? Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo penye siri yote. Samaki anakunya, kinyesi na mabaki ya chakula vinatoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Ila ndani ya udongo wa chini, kwenye kuta za chungu, kwenye mizizi, wanaota bakteria wanaoibadilisha amonia iwe nitriti, ambayo nayo ni sumu, afu bakteria wengine wanaibadilisha tena iwe nitrati, hiyo haina ukali sana, na mmea unaila kama mbolea. Yaani filta ipo, ni hai tu. Kinachotakiwa ni wewe usiiue na usiizidishie kazi.

Mimi niliiua. Bibi alinipa samaki kumi na chungu kidogo, nikakaa nacho wiki tatu, maji yakawa ya kijani, nikaona uchafu. Jumapili nikamwaga yote, nikasugua mawe kwa brashi, nikajaza maji ya bomba palepale. Mpaka jumanne wamekufa saba. Sitasahau vile walivyokuwa wamepanga juu wanahema. Bibi hakunigombeza, alichota maji ya kwake kwa kata, ya kijani vilevile, akamimina kwenye chungu changu, akaniambia yale ya kijani ni chakula cha vifaranga vya samaki, ni mwani mdogo sana na samaki anaula. Maji ya bomba yana klorini, inaua bakteria na inaunguza matamvua ya samaki, unayaacha juani siku nzima kwenye ndoo wazi kwanza ndo unaongeza, na unaongeza kidogo.

Kwahiyo hesabu yenyewe ni hii. Chungu au beseni la lita 40, kina kisipungue sentimita 20. Samaki mmoja kwa lita moja ndo kipimo wanachosema wengi kule lakini mimi nawaambia anzeni na kumi kwenye lita 40, mtanishukuru. Chini weka udongo wa punje punje usiovurugika, Wajapani wanatumia akadama, udongo mwekundu wa volkano. Panda yungiyungi mmoja kwenye kikopo, weka na mimea ya kuelea, jaza maji, afu KAA. Wiki nzima bila samaki. Watu wengi wanafeli hapo, wananunua samaki siku moja na chungu.

Chakula, kidogo sana mara moja kwa siku, kiishe ndani ya dakika mbili tatu. Bibi alikuwa anashika kwa ncha za vidole viwili, anasugua mpaka kinakuwa unga. Kule maji yakishuka chini ya nyuzi 10 haulishi kabisa, samaki wanalala chini ya majani miezi ya baridi, barafu juu, wao wazima, mwezi wa tatu wanapanda tena.

Jua nusu siku linatosha, la asubuhi ndo zuri. Kiangazi cha Saitama kinapita nyuzi 35 na chungu kidogo kinachemka haraka, wao wanatupia juu yake sudare, lile pazia la matete, na chungu hakikai moja kwa moja kwenye simenti, wanakiinua kwa mbao. Mvua kubwa nayo ni balaa, maji yanafurika na samaki wanaenda nayo, dawa yake ni kitambaa, nusu kimelowa ndani nusu kinaning'inia nje ukingoni, maji yanavutwa taratibu yanatoka, samaki wanabaki.

Mama pale nyuma ameuliza mbu. Swali zuri. Mbu atakuja kutaga ndio, na viluwiluwi vyake ndo chakula wanachokipenda kuliko chote, hawabakizi. Chungu chenye samaki si hatari, hatari ni chungu ambacho samaki wamekufa ukakisahau.

Jambo moja sitaki mlichukue kutoka kule kama lilivyo. Wajapani wanapenda kuweka juu ule mmea wa kuelea wenye maua ya zambarau, wanauita hoteiaoi, mizizi yake medaka wanatagia. Huo ndo gugumaji letu, lililoziba mialo ya Ziwa Victoria. Usilifuge, na kama unalo usilimwage mtoni. Na konokono wa mtoni msiokote kwa ajili ya kusafisha chungu, konokono ndo wanaobeba kichocho, mikono yenu itaingia humo.

Kule medaka wa porini wenyewe wamepungua, mwaka 1999 serikali iliwaingiza kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini, mifereji ya mashamba imejengwa zege na mashamba yamepotea. Na ni samaki huyuhuyu ambaye mwaka 1994 wanne wao walipanda chombo cha anga cha Marekani, Columbia, pamoja na mwanaanga wa Kijapani Chiaki Mukai, wakapandana na kutaga huko angani, wanyama wa kwanza wenye uti wa mgongo kufanya hivyo. Naona uchungu kweli nikifikiria hayo mawili kwa pamoja.

Jike anataga alfajiri, mayai yananing'inia tumboni kama kishada, ukitazama kwa karibu kila yai ni kama tone la maji, siku chache baadaye linakuwa na vidoti viwili vyeusi, macho. Baadaye anayabandika kwenye mizizi ya mimea, yahamishe na mzizi huo kwenye beseni lingine maana wazazi wanayala. Kwenye maji ya nyuzi 25 yanaanguliwa kama siku 10.

Hiki hapa mezani ni changu, kina miezi mitano, nimeweka gapi kwa sababu ndo niliowapata dukani, wao wanazaa badala ya kutaga. Njooni mmoja mmoja mtazame kutoka juu, simameni upande huu ili kivuli kisiangukie maji, wakiona kivuli wanazama. Mikono iwe nyuma tafadhali.