Fristaili siyo kuchana tu: nipo Bronx, sikilizeni

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Mnisamehe kwa upepo, leo nimetoka nje, nipo mtaani kwangu hapa Bronx, New York. Mnausikia huo muziki nyuma yangu? Nina jirani, mama wa Kipuerto Rico. Kila Jumamosi akiosha gari lake hufungua milango yote minne na kuziachia nyimbo hizi kwa sauti ya juu. Mwanzoni zilinikera kweli. Siku moja nikamuuliza, mama, huu ni muziki gani? Akasema fristaili. Nikamwambia hapana, fristaili ni kuchana mistari, yaani kurap, papo hapo bila kuandika. Alinitazama kama nimemwambia pilau ni uji.

Kumbe fristaili pia ni jina la muziki wa kucheza wa miaka ya 1980, wenye mapigo ya Kilatini. Basi akanifundisha, na mengine nikayatafuta mwenyewe.

Rudini nyuma hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Disko imeshachokwa, redio zimeanza kuitupa. Lakini vijana wa huku Bronx na Harlem ya Mashariki, wengi wazazi wao walitoka Puerto Rico, bado wanataka kucheza. Mwaka 1982 DJ Afrika Bambaataa na kundi lake Soul Sonic Force wakatoa wimbo wa rap, "Planet Rock". Prodyuza wao, Arthur Baker, hakuwa hata na mashine ya ngoma, ile inayotoa midundo kwa umeme bila mpiga ngoma. Aliona tangazo gazetini la jamaa anayekodisha yake, akamlipa dola 20. Mashine yenyewe ni Roland TR-808, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka uliofuata. Leo ukitaka kuinunua, uza kwanza shamba!

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kijana wa Kipuerto Rico aitwaye Chris Barbosa akachukua mashine ya aina hiyo hiyo, 808, akaipa mapigo yenye asili ya Kilatini. Ngoma kubwa na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, akazikata mwangwi ghafla, kila pigo likawa kama mlango unaobamizwa. Akishirikiana na Mark Liggett wakamwita Shannon, binti Mmarekani mweusi aliyekulia Brooklyn, akaimba "Let the Music Play". Ulitoka 1983, na Februari 1984 ukafika namba 8 kwenye chati kuu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Kwangu mimi huo ndio wimbo uliofungua mlango. Waliokuja baadaye waliiga mpaka jinsi ngoma inavyogonga.

Na ukiusikiliza vizuri, wewe uliyelelewa na rumba ya Kikongo, mwili wako utashtuka. Ni kwa sababu rumba nayo ilipandwa na santuri kutoka Cuba, na yale mapigo ya Karibiani yamo kote huko. Mimi bega lilianza kucheza kabla sijaelewa neno hata moja.

Nyimbo zilipimwa klabuni. Kulikuwa na Funhouse, huko Manhattan, DJ akiwa John "Jellybean" Benitez, mtoto wa South Bronx. Kibanda chake kilikuwa ndani ya uso wa mchekeshaji wa sarakasi, yaani anapiga santuri akiwa mdomoni! Huku kwetu Bronx kulikuwa na Devil's Nest, ambako Louie Vega alipiga akiwa bado kijana mdogo.

Baadaye likaja kundi la Lisa Lisa na Cult Jam, wakitengenezewa nyimbo na kundi la Full Force wa Brooklyn. Mwaka 1987 walishika namba moja mara mbili, kwa "Head to Toe" na "Lost in Emotion". Mwimbaji Noel naye akatoa "Silent Morning", mwaka huo huo. Mashairi karibu yote ni ya kuachwa. Mdundo unakurusha, maneno yanakuliza. Watu wa taarabu mtaelewa haraka kuliko mimi.

Ah, kuna ugomvi pia. Watu wa Miami wanasema wao hawakungoja New York. Mwaka huo huo wa 1983, mwimbaji Debbie Deb na prodyuza Pretty Tony walitoa "When I Hear Music", kisha prodyuza Lewis Martineé akaunda kundi la Exposé, ambalo lilikuja kushika namba moja 1988 na "Seasons Change". Hoja yao ina uzito, sikatai. Ila msimtajie jirani yangu Miami akiwa ameshika mpira wa maji. Nilishajaribu, nikarudi ndani kubadilisha shati.