Wakili na mkataba wa kufunga mdomo

Ndugu zangu wanafunzi wa sheria, nianze na mkataba uliosainiwa London mwaka 1998. Zelda Perkins alikuwa msaidizi wa Harvey Weinstein, mtayarishaji mashuhuri wa filamu wa Marekani, katika kampuni ya filamu ya Miramax. Mwenzake kazini alimweleza kwamba Weinstein alijaribu kumbaka walipokuwa Venice kwenye tamasha la filamu. Weinstein amekana. Wanawake hao wawili wakaacha kazi, wakatafuta mawakili. Walitaka mtu huyo adhibitiwe. Wakaishia kugawana pauni 250,000, pamoja na masharti ya siri.

Yasikilizeni masharti hayo. Perkins akitaka matibabu kwa yaliyompata, ajitahidi kumfanya mtaalamu naye asaini karatasi ya siri. Akitakiwa kutoa ushahidi katika kesi ya jinai, awaarifu kwanza mawakili wa upande wa pili, na ajitahidi kupunguza atakayoyasema. Nakala kamili hakuruhusiwa kubaki nayo. Umefungwa na maandishi usiyoweza hata kuyasoma nyumbani kwako ujue umekatazwa nini!

Siri za biashara zina haki ya kulindwa, sina ugomvi nazo. Tena wapo waathirika ambao wao wenyewe hawataki yao yajulikane. Ninalolikataa ni kalamu ya wakili kutumika kuficha uhalifu.

Mtaniambia kifungu kama hicho ni batili. Ni kweli. Hata hapa Tanzania, kifungu cha 23 cha Sheria ya Mikataba hakikubali makubaliano yanayokwenda kinyume cha sheria au maslahi ya umma. Lakini dada aliyesaini anaijua wapi sheria hiyo? Anachokiona ni muhuri wa kampuni ya mawakili na fidia atakayodaiwa akifumbua mdomo. Kwa hiyo ananyamaza, na mahakama haipati nafasi ya kukibatilisha. Perkins alikaa kimya hadi Oktoba 2017. Kosa la wakili linatimia pale pale anapoandika, hata asipomshtaki mtu.

Machi 2018 msimamizi wa mawakili wa Uingereza aliwaonya wasitumie mikataba hii kuzuia watu kwenda polisi, wala wasiweke masharti wanayojua hayatekelezeki. Wakili mmoja aliyehusika na mkataba ule alifikishwa mbele ya baraza la nidhamu, shauri likasitishwa mwaka 2021 kwa sababu ya afya yake, bila uamuzi wa hatia au kutokuwa na hatia. Inaniuma kwamba swali la kama wakili yule alikosea halikujibiwa.

"Nilifuata maagizo ya mteja" ni utetezi dhaifu. Wakili ni ofisa wa mahakama kabla ya kuwa mtumishi wa anayemlipa. Mteja akikuambia, "Hakikisha haendi polisi," mkatalie kwa maandishi. Aking'ang'ania, mrudishie jalada lake. Na mkataba wa siri ukiwa halali, andika humo waziwazi, kwa lugha anayoielewa anayesaini, kwamba yuko huru kwenda polisi, kwa daktari na kwa wakili wake. Kisha mpe nakala yake aondoke nayo.