Ukiwa Kariakoo inafunguka, ukifika Mwanza inagoma

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Kaka Baraka leo macho mekundu, kuna nini?

BARAKA: Acha tu, dada. Saa nne usiku simu inaita. Mteja wangu ana duka la vipuri Kariakoo, hesabu zote ziko kwenye kompyuta ya dukani. Kasafiri Mwanza, anataka kuingia kwa mbali na simu yake, kwa Remote Desktop ya Windows, aangalie stoo. Haiunganishi. "Fundi, mbona jana ilikuwa inakubali?"

ZUHURA: Jana aliijaribia wapi?

BARAKA: Umenipiga palepale. Dukani! Yuko kwenye Wi-Fi ileile, anaandika 192.168.1.20, inafunguka. Akaridhika, akapanda basi.

ZUHURA: Lahaula! Hiyo ni anwani ya ndani, inajulikana kwenye mtandao wa duka tu. Kuiandika ukiwa Mwanza ni kumwambia bodaboda "nipeleke chumba namba tatu". Cha nyumba ipi?

BARAKA: Asubuhi nikampigia kijana wake wa dukani, afungue ukurasa wa ruta, kile kiboksi cha intaneti, anisomee anwani ya upande wa nje. Akasoma: 100 nukta 72...

ZUHURA: Basi. Hapo mimi ningeagiza chai nikae chini.

BARAKA: Waeleze watu kwa nini.

ZUHURA: Anwani za IPv4, zile namba za kutambulisha vifaa mtandaoni, jumla yake ni kama bilioni 4.3, na hazitoshi. Kwa hiyo kampuni nyingi za intaneti zinawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Utaratibu huo unaitwa CGNAT, na mwaka 2012 ulitengewa fungu lake la anwani, kuanzia 100.64 mpaka 100.127. Ukiona ruta yako imepewa namba ya humo, jua kuna ruta nyingine mbele yako, nayo si yako. Utafungua poti 3389, mlango wa Remote Desktop, kwenye ruta ya dukani mpaka uchoke, mgeni anaishia kwenye geti la kampuni.

BARAKA: Na namba isipoanzia hivyo? Linganisha ile ya kwenye ruta na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani yako ya IP zinakutajia. Zikitofautiana, kuna ruta nyingine kati. Watu wanabadilisha ruta, wanaweka Windows upya, kumbe dakika mbili za kulinganisha namba zingetosha.

ZUHURA: Sasa, anaweza kulipia anwani ya peke yake.

BARAKA: Kampuni ikiwa nayo, ndiyo.

ZUHURA: Ila hata akiipata, mimi 3389 siiachi wazi. Mnakumbuka BlueKeep, Mei 2019? Tundu la Remote Desktop lililomruhusu mtu kuingia bila nenosiri. Microsoft wakatoa kiraka mpaka cha Windows XP, ambayo walishaiacha tangu 2014. Na wale wa "nimebadilisha namba ya poti", roboti zinapapasa poti zote, hazichoki.

BARAKA: Ndiyo maana nikamwekea Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya faragha, kwenye kompyuta na kwenye simu yake. Inajengwa juu ya WireGuard, mfumo wa kuficha mawasiliano kwa msimbo. Kompyuta ya dukani ndiyo inatoka nje kwenda kutafuta mwenzake, kwa hiyo geti la kampuni halina la kuzuia. Akajaribu. Safari hii ikamuuliza nenosiri, akaandika, ikamkataa.

ZUHURA: Hapo mtandao umeshapona. Ikikuuliza nenosiri, umefika mlangoni. Acha kuilaumu ruta.

BARAKA: Aliandika PIN! Zile tarakimu nne anazofungulia kompyuta dukani. PIN ni ya mashine ile tu, huwezi kuingilia kwa mbali. Anatakiwa aweke nenosiri la akaunti yake ya Microsoft, ambalo alishalisahau. Nusu saa nyingine.

ZUHURA: Na usingizi je?

BARAKA: Ulikuwepo, maana usiku ule kompyuta ilikuwa imelala. Nikamwelekeza kijana azime hali ya kulala. Umeme ukikatika ni habari nyingine, kuna mpangilio kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoamsha kompyuta, wa kuifanya ijiwashe umeme ukirudi.

ZUHURA: Msikilizaji mmoja aliwahi kuuliza mbona yake haina hata pa kuwashia Remote Desktop. Ni Windows Home hiyo. Inaweza kwenda kwa wenzake, yenyewe haipokei wageni. Haya, bosi akaingia?

BARAKA: Akaingia. Dakika moja, ikakata. Ananipigia, "Fundi, imeanza tena!" Nampigia kijana, naye anahema: "Kaka, nilikuwa naandika risiti, skrini ikajifunga yenyewe. Nikajua wezi wa mtandaoni hao. Nimechomoa waya."

ZUHURA: Hamkumwambia kwamba bosi akiingia yeye anatolewa?

BARAKA: Nani angekumbuka, dada? Nilikuwa nimelala kwa saa mbili tu.