Fueni Kwanza Ndo Mchore

Mwangaluka jamani! Nyie wa nyuma sogeeni, viti vya mbele having'ati. Mada niliyopewa ni nguo za kuchorwa kwa mkono, sura za wasanii wa Bongo Fleva, katuni za Kijapani, mambo ya Simba na Yanga, hayo mnayajua kunizidi kwa hiyo siyagusi. Mie naongelea kufua. Ndio, nimewasikia, "ameanza tena".

Kitambaa kipya kinatoka kiwandani kina wanga na madawa ili kivutie dukani. Ukipaka rangi hapo, rangi imeshika wanga, haijashika pamba, siku mteja anafua wanga unaondoka na rangi nayo inaaga. Kwa hiyo fua kwanza, kikikauka dondosha tone la maji juu yake. Likisimama juu kama shanga, rudi kwenye beseni. Likinyweka hapohapo, chora. Na ile dawa ya kulainisha nguo inayonukia maua msitie, inaacha utando.

Juzi nimeletewa jaketi la jinzi, la mtumba wa soko la Mlango Mmoja hapa Mwanza, mgongoni kachorwa mwanamuziki, yale macho mpaka unahisi anakudai hela, kazi safi kabisa. Nikalikunja kidogo tu, shavu likapasuka likabanduka. Rangi gani hii? Eti rangi ya mafuta, ya kupaka mageti!

Sasa najua kuna mtu atasema mbona yule mchoraji Edward Saidi Tingatinga alitumia rangi ya baiskeli, na kafariki 1972, picha zake zipo mpaka leo. Sawa, ila alichorea kwenye bodi ngumu mjomba! Ile bodi nani kaivaa akapanda nayo bodaboda kwenda Igoma? Bodi haikunjwi, haitoi jasho, hakuna mtu anayeisugua na sabuni ya mche halafu anaikamua. Nguo inafanyiwa yote hayo.

Tafuta rangi ya kitambaa, au akriliki uchanganye na ule ute wake maalum wa nguo, iache ikauke siku nzima, halafu geuza nguo upige pasi kwa ndani, bila mvuke, pole pole, usiruke sehemu. Umeme umekatika? Pasi ya mkaa sawa, ila kung'uta majivu kwanza yasije yakamfanya msanii wako aote mvi. Na jezi muiache, ile ni poliesta, pasi ya moto inaiyeyusha, tena mtu uko Usukumani kwenye pamba unahangaika na poliesta, mie sielewi.

Haya, dakika zimeisha, mengine haraka haraka. Anayewaambia sura za mastaa kwenye nguo ni utoto mwambieni Obama alishinda 2008 na akina mama wakajifunga kanga yenye picha yake. Picha unayoitoa mtandaoni ina mpiga picha wake, kuichora kwa mkono ukauza hakumwondolei haki yake, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mkaulize. Bei ingekuwa mada nzima peke yake, kwa kifupi: jumlisha jaketi, rangi, na siku ulizoinama, usimtajie mteja bei ya mtumba.

Maswali sasa. Ila kama unataka kuniuliza kuhusu kuzimua rangi na petroli, kaa chini.