Kengele inayolia bure, izimeni

Jamani tukae, najua jua la kaskazi halijamwacha mtu, sitawachosha. Mambo ya SNMP, ile njia ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali yake, na pingi, ile ya kupima ujumbe unachukua muda gani kwenda na kurudi, mnayajua, nayaruka. Nimekuja na neno lile lile ninalolisema kila nikisimama hapa Tanga: kengele ya mtandao, yaani meseji ya tahadhari inayotumwa na programu inayouangalia mtandao, ikilia na hakuna mtu anayetakiwa kuinuka akafanye kitu, hiyo izimeni.

Kuna ofisi moja hapa mjini, siitaji, waliniita nikawaangalizie mtandao. Namkuta kijana wa zamu ana simu mbili, ile ya kazi ameiviringisha kwenye kanzu akaifungia droo. Nikamuuliza mwanangu vipi, akasema mzee shikamoo, ile inalia usiku kucha, mie nina mtoto mchanga nyumbani. Nikaifungua. Meseji zinashuka mpaka kidole kinachoka, CPU ya ruta, yaani ubongo wa kile kifaa kinachoelekeza mawasiliano, 82%, CPU iko sawa, CPU 81%, CPU iko sawa, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Kumbe saa 8 usiku bekapu, ile kunakili data za akiba, inaanza, ruta inapanda inashuka pale pale kwenye 80% iliyowekwa iwe ya kuliza kengele, na hiyo 80 hakuna aliyeipima, mfungaji aliikuta kwenye programu akaiacha. Ruta haiumwi, inafanya kazi yake! Sasa katikati ya meseji hizo nikaona moja, saa 9 na dakika 20 usiku, swichi ya dirisha la wateja, kifaa kinachounganisha kompyuta za pale na mtandao, imekufa. Moja tu. Hakuna aliyeiona mpaka ofisi imefunguliwa, na siku ile mama mmoja katoka Pongwe na karatasi yake mkononi alisimama pale dirishani tangu saa 2 mpaka saa 6 mchana anaambiwa mtandao hakuna. Yule mama hanitoki akilini.

Nawajua watakaosema, bora ilie bure kuliko tukose jambo. Hapana ndugu zangu, mmelikosa tayari, maana yule kijana ameshaifungia droo na mie simlaumu hata kidogo. Wazee walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, lakini mgambo mwenyewe alikuwa haipigi mpaka jambo liwepo.

Sasa kiwango cha kuliza kengele unakipataje. Kaa na grafu za mtandao wako wiki 3 au 4, mwisho wa mwezi uwemo humo, ujue kawaida yake ni ipi, halafu ndio uandike namba. Na namba peke yake haitoshi, weka na muda. Kama unapima kila dakika 5, sema ilie ikizidi mara 3 mfululizo, Nagios, programu ya kuangalia mtandao, inakuhesabia hizo mara kabla haijatuma meseji. Na kunyamaza kuwe na namba yake, ilie ikipita 90% inyamaze ikishuka chini ya 75%, Zabbix, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, inakuruhusu kuweka sharti la kupona peke yake, pale ndipo ile panda shuka inakufa.

Pingi nayo msiweke namba moja kwa kila kitu. Mwanga ndani ya faiba, ule waya wa kioo, unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hapa mpaka Dar kwa barabara ni kama kilomita 350, kwenda na kurudi haifiki hata milisekunde 4, ongeza vifaa vya njiani. Ukiweka kengele ilie kwenye milisekunde 200, linki yako ya Dar itatoka 6 iende 90 watu wanalia na wewe huna habari. Ila hiyo hiyo 90 kwa seva ya Ulaya ni ndoto, huko zaidi ya 100 ndio kawaida. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, jamaa yangu alishinda anazima na kuwasha ruta yake isiyo na kosa, kwa sababu anapima kitu kimoja tu na kiko nje ya nchi! Pima ruta yako, pima Dar, pima nje, kila kimoja na namba yake.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka: kaunta za biti 32, zile za kuhesabu data inayopita, kwenye linki ya giga 1 kwa sekunde iliyojaa zinajaa kwa sekunde 34 zinaanza upya, kwa hiyo ukipima kila dakika 5 grafu inakudanganya, tumieni za biti 64. Joto la chumba cha seva, nyuzi 27 za Selsiasi muanze kulitazama, na kwa Tanga hii mtalitazama sana. Diski sitaigusa leo.

Mwenye laptopu na namba zake aje nazo, nipo hapo nje chini ya mwembe mpaka alasiri.