Gengwei, barafu na baridi kali: kabla hujaweka mguu

Haya asanteni, wale wa nyuma mnanisikia? Sawa. Naona wengi hapa ni madereva wa tanka na mataniboi kutoka Industrial Area, halafu kuna wale makaratasi ya Kanada ama ya Polandi yako tayari wanangoja tu viza, kwa hivyo tutaongea kama watu wa kazi, mwenye swali asingoje nimalize ainue tu mkono.

Gengwei mnaijua, ni ile ngazi ya kukunja iko kwa jukwaa la kupakia mafuta, unaishusha inalala juu ya tanka ndio uvuke ukafungue kifuniko. Hapa Nairobi shida yetu nayo ni mafuta yamemwagika, matope kwa buti na mvua ya Aprili. Huko Alberta, Kanada, ama Ufini hizo zote ziko vilevile, halafu ongeza theluji, upepo na giza. Helsinki mwezi wa Desemba, zile siku fupi kabisa, mwangaza wa jua haufikishi hata masaa sita, kwa hivyo kazi kubwa utaifanya kwa taa, na kuna barafu moja haionekani hata mchana, ni nyembamba na iko klia, ukiangalia chuma unaona ni kama kimelowa tu.

Sasa kila mtu akisikia barafu anafikiria utelezi. Utelezi upo na tutaufikia, lakini kitu nimekuja hapa kuwaambia ni hiki: barafu ni uzito. Gengwei ya kukunja inabebwa na springi, na zile springi zimepimwa na uzito wa gengwei ikiwa kavu na safi, ndio unaona mtu mmoja anaishusha na mkono bila kuhangaika. Sasa theluji inanyesha usiku, mchana inayeyuka kidogo, jioni inaganda tena, kesho yake ingine juu ya hio, mpaka zile vidato zote na reli na ile kejo ya kuzuia mtu asianguke zimefungwa na barafu ngumu. Piga hesabu, barafu ya unene wa sentimita 2.5 kwa mita moja ya mraba ni karibu kilo 23, yaani kama nusu gunia la simiti, na huo uzito mwingi umekaa kule kwa ncha, mbali na bawaba, mahali unavuta zaidi. Springi haijui mambo ya theluji. Ukifungua loki gengwei haishuki, inaanguka. Na chini yake ni nani? Mara nyingi ni dereva amepanda juu ya tanka yake mapema ati aokoe wakati.

Kinyume chake pia kipo na mimi ndicho naogopa zaidi. Greisi ya kawaida ikipigwa na baridi inakuwa ngumu, kwa hivyo unafungua loki na gengwei inakataa kabisa kushuka, inabaki pale juu. Binadamu akiona hivo anafanya nini? Anaivuta na nguvu, haishuki, anapanda kidato cha kwanza anaanza kuirukia ndio ishuke. Nimeona watu wazima, watu wa experensi, wanafanya hivo. Ile barafu kwa bawaba inapasuka mara moja, ngazi yote inaenda na yeye akiwa juu. Ikikataa kushuka, achana nayo, rudisha loki, ita fundi. Hakuna mzigo wa mafuta unaharakishwa hivo.

Kwa hivyo utaratibu uko namna hii. Theluji inatolewa gengwei ikiwa bado juu na imefungwa loki, unaitoa ukiwa umesimama kwa jukwaa, na chini hakuna mtu na juu ya tanka hakuna mtu. Unatumia brashi ngumu na kikwanguo cha plastiki. Usipige na nyundo ya chuma, utatoboa ile rangi ya zinki ama upasue alumini, na hapo ni mahali pa mvuke wa mafuta, cheche ya nini? Moto wa gesi kuyeyusha barafu karibu na tanka sitauongelea hata, mnajua wenyewe. Na maji moto, tafadhali, maji moto yanayeyusha hio barafu mbele ya macho yako unafurahi, halafu yanateremka kwa vidato vya chini yanaganda kama kioo, umetoa barafu unayoiona ukaweka ile huioni.

(Kijana mmoja akauliza, na chumvi je?)

Chumvi ni sawa, swali zuri, lakini chumvi ina mwisho wake. Ile ya kawaida ikishapita digrii -9 hivi inafanya kazi polepole sana, na ikifika -21 hata umwage gunia haiyeyushi kitu. Kuna kalsiamu kloraidi, hio inaenda mpaka karibu -29. Sasa yadi nyingi za kaskazini mwa Kanada Januari zinapita hapo. Halafu chumvi inakula chuma, inakula bolti, inakula waya za usalama, kwa hivyo mahali wanamwaga chumvi kila siku wewe kagua kutu kila siku. Mchanga haumalizi barafu lakini unashika, na kwa ardhi chini ya tairi naupenda kuliko chumvi.

Na hapo kwa tairi nisipite. Kabla hata ya kushusha gengwei, hakikisha lori haliendi mahali. Kigingi cha tairi ukikiweka juu ya barafu kinateleza pamoja na tairi, ni kama hujaweka. Kwangua mpaka ufike kwa lami ama kokoto, mwaga mchanga, ndio uweke kigingi.

Umeshusha sasa, imelala. Angalia zile raba za chini za gengwei zimekalia nini. Kama zimekalia chuma cha tanka sawa, kama zimekalia barafu iko juu ya tanka ukikanyaga tu ngazi yote inahepa kando. Kwa hivyo kabla ya kuishusha safisha pale itakapotua, ukitumia brashi ya mpini mrefu kutoka kwa jukwaa.

Kuna kitu kingine wengi hawafikirii hata hapa kwetu. Tanka ikijaa inashuka, springi za lori zinabonyea. Gengwei nzuri inafuata tanka chini yenyewe polepole. Kwa baridi bawaba ikiganda katikati ya kazi haifuati, inabaki inaning'inia hewani na kuna nafasi kati yake na tanka. Wewe ulivuka kuja ikiwa imekaa vizuri, umemaliza kupakia, unarudi bila kuangalia kwa sababu si ndio ulipita hapa saa hii, unaweka mguu na uzito wako ndio unavunja ile barafu. Kwa hivyo kurudi ni ukaguzi mpya, unaangalia raba zimegusa, unaisukuma na mguu mmoja ukiwa umeshika reli, ndio unapita.

Kuhusu chuma chenyewe. Kuna aina za chuma zikipata baridi zinakuwa za kuvunjika ghafla bila kupinda kwanza. Januari 1943 kule Portland, Oregon, meli mpya ya mafuta, SS Schenectady, ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imeegeshwa tu, maji yametulia, na ubaridi wa chuma ulichangia pamoja na uchomeleaji mbaya. Alumini haina hio tabia, ndio maana gengwei nyingi za sehemu za baridi ni za alumini. Na reli za paipu, maji yakiingia ndani yanaganda na kupanuka kwa karibu asilimia 9, paipu inapasuka kwa urefu. Pitisha mkono wenye glavu chini ya reli, upande ambao huoni, ufa unakaa hapo.

Mwili sasa. Digrii -20 na upepo wa kilomita 30 kwa saa mwili unaisikia kama -33, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Juu ya jukwaa upepo ni mwingi kuliko chini. Vidole vikipoa vinakuwa vizito, unafikiri umeshika reli kumbe umeigusa tu. Kwa hivyo unaingia ndani kupata joto kabla hujaanza kutetemeka. Hanesi, ile mikanda ya mwilini ya kukushika ukianguka, inavaliwa juu ya jaketi na unakaza upya, na ule waya wa usalama wa kujivuta wenyewe unaofungwa kwa hanesi unauvuta kwa ghafla kabla hujapanda uone kama unashika, kwa sababu barafu ikiingia ndani unaweza kukataa kushika. Mikono miwili na mguu mmoja, ama miguu miwili na mkono mmoja, hio mnaijua, vifaa vinapanda na kamba.

(Mama mmoja anayefanya kazi kwa stoo ya baridi ya samaki upande wa Embakasi akauliza kama haya yanamhusu.)

Mama yanakuhusu sana, ile stoo yenu ni digrii -18, hio ni baridi ya Kanada iko hapa Mombasa Road. Barafu yenu inatengenezwa mlangoni, hewa ya joto yenye unyevu inaingia mlango ukiwa wazi inaganda pale kwa rampu, kwa hivyo mlango na yale mapazia ya plastiki yafungwe kila forklifti ikipita, na mtu asioshe rampu ya ndani na maji. Kuna kijana aliwahi kuteleza kwa rampu kama hio nikiwa hapo, sitataja ni wapi, akavunjika mkono, na wote walikuwa wanaijua hio barafu wiki nzima, kila mmoja anaivuka tu.

Na hapo ndio naomba vijana mnaoenda nje mnisikie. Ukiwa mgeni, umekopa pesa ya tiketi, familia nyumbani inangoja, utaona aibu kumwambia supavaiza hii gengwei sipandi mpaka itolewe theluji. Mwambie. Kanada sheria inakupa haki ya kukataa kazi ya hatari na hawezi kukufuta kwa sababu hio. Na hapa kwetu pia, sheria ya usalama kazini ya 2007 inasema ukiripoti hatari kubwa, mwajiri hawezi kukulazimisha urudi pale mpaka airekebishe. Sema mapema, kabla lori halijajaa, utaona hata wenyeji wa huko wanasimama na wewe kwa sababu na wao walikuwa wanaiogopa.

(Swali la mwisho lilikuwa la viatu, zile raba za misumari watu wanavaa juu ya buti.)

Kwa ardhi vaa, zinasaidia kabisa. Kwa gengwei toa, msumari wa chuma juu ya chuma hauna pa kuuma, unateleza vibaya kuliko buti tupu, na karibu na mafuta hutaki chuma kikikwaruza chuma. Vua chini ya ngazi, tundika hapo, ukishuka vaa tena. Haya, wale wa Kanada na Polandi msiende, nimekuja na jaketi nzito na hanesi mbili, mmoja mmoja avae nione kama mnajua kuikaza.